Sahani ya Nyumba ya Mbele

Kichochoro chetu cha Mkunazini kilikuwa chembamba, hata nikinyoosha mkono dirishani na jirani wa mbele akanyoosha wake, tulipeana chumvi bila ya mtu kushuka ngazi. Niliolewa nikaingizwa hapo, ghorofa ya juu, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mambo mengi ninayoyapenda duniani niliyajulia pale: udi wa Ijumaa, taarabu ya redio ya jirani huku tunachambua mchele, na zaidi ya yote, sahani za Ramadhani.

Baada ya Alasiri kichochoro kizima kilikuwa ni sahani tu. Mimi nampelekea wa chini, wa chini anampelekea wa pembeni, wa pembeni ananiletea mimi, kila sahani na kawa lake la ukili juu. Sheria ilikuwa moja, wala haikuandikwa popote: sahani hairudi tupu. Huna kitu, tia ndizi mbili. Huna ndizi, tia tende. Mwaka ninaousimulia mchele ulikuwa wa foleni na unga wa ngano wa kubembeleza, wengi tukifuturu muhogo, lakini sahani hazikusimama. Nikisema tulikuwa na raha wanangu hunicheka. Wacheke.

Mume wangu alikuwa mwendesha mashtaka katika mahakama ya Vuga. Watu walidhani mke wa mtu kama huyo anazo siri za mji mzima. Wallahi sikuwa na hata moja. Kazi aliiacha huko huko Vuga. Nyumbani alizungumza habari za mpira na bei ya samaki.

Nyumba ya mbele alikaa mjane mmoja wa makamo, mkono mkunjufu, ulimi mtamu. Mimi nilikuja pale bibi harusi nisiyejua hata kuchuja tui, na ndiye aliyenifundisha. Nilimpenda, na naliandika neno hili kwa makusudi, kwa sababu yatakayofuata yataonyesha kana kwamba sikumpenda. Kaka yake alikuwa mkubwa serikalini, na mwanawe wa pekee aliendesha gari ya mjomba wake kila alipojisikia.

Kabla ya mwezi kuandama, gari hiyo ilimgonga fundi seremala wa mitaa ya Ng'ambo pale Darajani, mchana kweupe, ikampanda mkono wa kulia. Mjini ikavuma kwamba fundi alikuwa amelewa tembo, kajitupa mwenyewe. Mimi niliyasikia kama wengine, nikasema masikini, nikaendelea kukuna nazi.

Siku ya nne ya mfungo sahani ya nyumba ya mbele ilikuja na biriani. Biriani, mwaka ule! Mume wangu alifungua kwa tende na maji, akasali, akarudi kukaa, akamega tonge.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Mbele."

Akalirudisha tonge sahanini, akanawa mkono.

"Kesi ya mwanawe iko mezani kwangu," alisema.

Tulikuwa mwaka wa nne wa ndoa, na hilo ndilo neno la kwanza la mahakama kuingia chumba kile. Akanieleza yaliyobaki. Yule mjomba alikwishamwita ofisini mara mbili, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwambia faili lile lina kasoro. Siku ya kesi asimame tu, aseme upande wa mashtaka hauendelei. Asiposema, visiwa hivi vina vituo vingi vya kazi, na vingine viko mbali.

"Na weye utasema?"

"Sijui," alinijibu, na sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. "Lakini kitu cha nyumba ile kisiingie tena hapa."

"Sahani ni sahani, bwana."

"Mwaka huu si sahani."

Sasa niambieni nyinyi, mtu anamfungiaje mlango jirani yake Ramadhani? Mwanamke aliyenifundisha tui, kasimama ngazini kwangu na kawa mkononi, nimwambie rudi nayo? Sikuweza. Nilipokea, nikashukuru, chakula nikampa wa chini, na sahani nikairudisha na kaimati au ndizi za nazi. Mume wangu nikamficha. Nilijiona mjanja: yeye hali, jirani hakasiriki, mimi sina deni la adabu. Siku kumi nzima nilijiona mjanja.

Siku ya kumi na moja tangu ile biriani alipiga hodi mtu nisiyemjua. Niliteremka nikamkuta kasimama kando ya baraza, hakukaa, mkono wa kulia umefungwa hadi kiwikoni.

"Bwana yuko kazini," nilimwambia.

"Najua, dada. Sikuja kugombana. Nimesikia kesi imekwisha."

"Nani kasema?"

"Watu wote. Wanasema bwana wako kesharidhika, sahani zinakwenda na zinarudi."

Jirani yangu hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Yeye alileta, mimi nilirudisha, na kichochoro kizima kilitazama. Nani angedhani kwamba nyumba inayorudisha kaimati imekataa?

"Mkono ushakwenda," fundi aliendelea, "wala siuombi. Mie nilikuwa nikiadhini msikitini kwetu. Tangu waseme nilikuwa nimelewa, wazee wameniambia nikae pembeni kwanza mpaka ijulikane. Sijaonja tembo tangu nizaliwe, dada. Nlitaka isemwe mbele ya watu, basi. Kama haitosemwa, mie nitakaa pembeni mpaka nife."

Hapo mlango wa mbele ukafunguka. Jirani yangu alitoka na sahani yake ya maua mekundu, kawa juu, harufu ya tambi imemtangulia. Alimwona fundi, akauona mkono wake, akatabasamu nami kama siku zote.

"Pokea, mwanangu, bado ya moto."

Nikapokea. Mikono ilijua kazi hiyo tu. Fundi akatazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Ramadhani karimu," akaenda zake.

Nilipanda juu, nikamimina tambi zote kwenye bakuli la paka. Mungu anisamehe, chakula cha foleni. Nikaiosha sahani, nikaifuta, nikaifunika kawa, nikashuka. Nilivuka kichochoro kwa hatua tatu, na mpaka leo sijaenda safari ndefu kuliko ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akafunua kawa. Alikaa akiitazama ile sahani. "Umeniletea tupu?"

"Tupu, mama."

"Mie nimekukosa nini?"

"Hujanikosa kitu," nilimwambia, na nilikuwa nalia.

Mume wangu nilimwambia yote baada ya futari. Nilingoja anigombeze. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akasema, "Nami nilikuwa natafuta sababu ya kuupunguza huu woga wangu." Hakuniambia atafanya nini.

Siku ya kesi nilivaa buibui nikaenda Vuga, nikakaa nyuma kabisa. Mjomba mtu alikaa mbele. Mume wangu alisimama, akasema upande wa mashtaka uko tayari kuendelea. Akamwita daktari. Daktari akasema mgonjwa alipofikishwa hospitali hakuwa na dalili wala harufu ya ulevi. Kijana alipigwa faini na kunyang'anywa leseni, basi. Kwa mkono wa fundi seremala lilikuwa jambo dogo. Lakini lile la kwamba hakulewa lilisemwa, na watu walijaa hadi mlangoni.

Kabla ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, tulikwishapata uhamisho wa Mkokotoni, kaskazini kabisa ya kisiwa. Siku tuliyopakia vyombo dirisha la mbele lilikuwa limefungwa.

Tulirudi mjini baada ya miaka mitatu, safari hii tukakaa Ng'ambo. Ramadhani ya kwanza nilishindwa kuvumilia. Nilipika kaimati kwa unga niliouwekea foleni tangu alfajiri, nikatia sahani, nikafunika kawa, nikaenda kwa miguu mpaka Mkunazini. Alinipokea vizuri mno. Alinikalisha, akaniuliza hali ya mume wangu, akamshika kichwa mtoto niliyembeba mgongoni na kumsomea dua. Kisha akaingia ndani na sahani. Nilisikia maji. Akatoka nayo imeoshwa, imefutwa, imefunikwa kawa lake, akaniwekea mkononi.

"Mungu akulipe, mwanangu."

Ilikuwa nyepesi. Sikuhitaji kufunua.

Sikumlaumu, na sikujuta, na nililia njia nzima kuanzia Mkunazini hadi Darajani. Nilipoingia mitaa ya Ng'ambo jua likazama, na adhana ikanikuta njiani. Niliijua sauti ile kabla sijauona msikiti, nikamwona yule fundi seremala kasimama mlangoni, mkono wa kushoto sikioni na wa kulia umening'inia. Watu wote walinyamaza wakamsikiliza. Wakati wa kufungua ulikuwa umefika, nami nimesimama barabarani na sahani mkononi, na ndani yake hamna hata tende.