Ukuta wa Mama Okinyi

Msiniambie habari za Okinyi mnayemwona kwenye televisheni. Okinyi nimemlisha mimi. Nimeuza sukuma wiki miaka yote nje ya mlango wa mama yake, Aluoch, hapa Mbotela, na picha zake za kwanza niliziona kwenye ukuta wa chumba chao, kwa sababu karatasi hawakuwa nazo.

Alianza na uso wa dada yake, Akech. Msichana alifariki hospitalini, na Aluoch alipofika alimkuta ameshafunikwa shuka. Picha yake hawakuwa nayo hata moja. Kijana akamchora kwa makaa na mabaki ya rangi, anatutazama. Haki ya Mungu, nilipoingia nilitaka kumsalimia! Krismasi ilipofika, Aluoch akapaka chokaa juu yake. Alisema hawezi kula akitazamwa.

Okinyi akageuka fundi wa mabango ya vinyozi na bucha, herufi akizijaribu ukutani. Krismasi, chokaa. Halafu akaingia kwenye rangi kali za matatu za vijana, ndimi za moto na simba. Krismasi tena, chokaa. Mwishowe akaanza kuchora watu waliotugeuzia mgongo, na hao ndio waliompa jina. Wageni walizungumza sana kuhusu ile migongo. Mimi nilijua ni uso gani uliomshinda.

"Nikijaribu, Mama Maina, hauji," aliniambia.

Watu wa migongo Aluoch hakuwapaka chokaa. Aliwaonea fahari, wakabaki ukutani hata mwanawe alipohamia mtaa wa Tena.

Mwaka huu tukaambiwa nyumba zetu zinabomolewa. Aluoch akamwita Okinyi, akamwambia, "Nataka kumwona Akech kabla hawajamwangusha."

Mtu mmoja wa jumba la sanaa alikuwa tayari amekuja kuomba ukuta ukatwe, uhifadhiwe. Aliposikia unakwaruzwa, alishika kichwa.

"Utaharibu kazi yako bora!"

"Kazi bora imemkalia dada yangu," Okinyi akamjibu, akachukua skrepa.

Migongo ikaenda. Moto ukaenda, herufi zikaenda. Plasta ya hizi nyumba ni kuukuu, na tuliogopa isije ikaanguka yote tukabaki na mawe. Kwenye chokaa ya mwisho akaweka skrepa chini, akafuta kwa kitambaa kilicholowa. Kidevu kikatokea. Kipande kikabanduka na sikio lake, Aluoch akapiga yowe. Kisha yakatokea macho.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitoka nje nikajifanya ninakata sukuma, na machozi yananitoka.

Aluoch alikaa mbele yake mchana kutwa, akimsemesha kwa Kijaluo. Jioni nikamsikia akiitisha brashi na chokaa. Nikapandwa na hasira, nikaingia bila hodi.

"Ebo, Mama Okinyi! Mtoto ameharibu kila kitu ili umwone, nawe unamfuta tena?"

"Simfuti, Jecinta. Siku ile nilichelewa. Sikumfumba macho mwanangu."

Akachovya brashi. Akapaka jicho moja tu, polepole, mdomo wa Akech bado ukionekana, shavu lake bado likionekana.

"Tingatinga lisimkute anatazama," akasema.

Kwenye jicho la pili mkono wake ulikataa kwenda. Okinyi akaushika, wakalifumba pamoja.