Waliovunjika Miguu

Harufu ya majivu yaliyolowa mvua hainipiti hivi hivi. Juzi jirani alimwaga majivu ya jikoni nyuma ya ua, manyunyu yakayakuta, nami nikasimama na sufuria mkononi, nimerudi Malaba ya miaka ya sabini, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako mistari ya uwanja wa mpira tuliichora kwa majivu. Chokaa ilikuwa ya wenye nazo. Sisi wasichana ndio tuliotumwa jiko hadi jiko na makarai vichwani.

Mwenye ligi, mwenye ratiba na mwenye filimbi alikuwa mtu mmoja: Mjomba Etyang', kaka yake mama, mwalimu wa shule ya msingi. Ligi yake ilichezwa wakati wa likizo, timu za upande wetu na moja ya ng'ambo, Uganda, alikoolewa dada yao mkubwa. Kipa wa timu hiyo ya ng'ambo alikuwa Omuse, mtoto wa huyo mama mkubwa. Baba yake Omuse, tuliambiwa, amesafiri. Hakuna aliyesema amekwenda wapi, na kila alipotajwa, mama aliacha kusonga ugali.

Taabu ni kwamba likizo za nchi hizi mbili hazikulingana. Sisi tulikuwa wengi, lakini Mjomba alifuata likizo ya wale wachache. Mwaka mmoja aliisogeza fainali hadi shule zetu zikafunguliwa, wachezaji wetu wazuri wakarudi bweni, tukabaki na mataniboi waliosubiri malori yao yaruhusiwe kuvuka, pamoja na beki wetu wa siku zote, muuza nyama mwenye kitambi. Watu walinung'unika kwamba mwalimu amehongwa. Yeye alijibu tu kwamba subira huvuta heri. Kusema kweli, nilimwonea aibu.

Tena timu ya ng'ambo haikurudi kwao ikiwa nzima. Baada ya mechi, kijana mmoja au wawili hawakuonekana tena, na Mjomba alitueleza kwamba wamevunjika miguu, wamepelekwa hospitali ya misheni, Nangina. Nangina ilikuwa mbali, sijafika, basi niliamini. Nilimwona yule muuza nyama kuwa katili kupindukia, hata salamu nikamnyima.

Siku ya fainali ile iliyosogezwa, vijana wa ng'ambo walifika kwa miguu, viatu vya mpira vikining'inia shingoni. Omuse hakuwemo. Nahodha wao alimwendea Mjomba, nami nilikuwa pale pale na karai langu.

"Mwalimu, sisi wametupitisha," alisema. "Omuse wamemuuliza jina la baba yake. Halafu wakasema yeye akae kando."

"Polisi?"

"Jeshi."

Mjomba hakupuliza filimbi. Alisema hatuanzi mpaka kipa wao afike. Watu walingoja, wakazomea, mvua ikaja ikaosha mistari yote, wakaenda zao. Yeye alichukua karai langu akaanza kuichora upya kwenye tope, peke yake, na mama akamtazama bila kumzuia. Niliogopa, lakini nilimfuata.

"Mjomba, Omuse amevunjika mguu?"

Alisimama, karai mkononi. "Laiti ingekuwa hivyo, mwanangu."

Omuse hakuja siku ile wala nyingine yoyote. Ligi nayo haikuchezwa tena.

Mama alinieleza nikiwa mtu mzima, yeye yuko kitandani anaugua. Hakuna aliyevunjika mguu. Siku za shule, kijana akikutwa barabarani upande ule aliulizwa maswali mengi. Siku za likizo, akiwa na viatu shingoni, alikuwa mchezaji tu anayekwenda mechi. Wale wa Nangina walikuwa wamefichwa kwa jamaa wa upande wetu, huku na huku, wasikamatwe na wanajeshi, wengine Angurai, wakasoma, wakaoa. Mama mkubwa peke yake alikuwa amekataa kumwachilia mwanawe, kwani mumewe alishachukuliwa na wanajeshi, naye hakutaka kubaki mikono mitupu. Alipokubali, likizo yetu ilikuwa inaisha, ya kwao bado. Fainali ile ilisogezwa kwa ajili ya mtoto mmoja.

Mjomba alizikwa bila kuligusa jambo hilo tena. Na mimi, wenzangu, niwaambie ukweli: mpaka leo nikisikia kijana amevunjika mguu uwanjani, moyo wangu hufurahi kwanza, ndipo ninajikemea.