Fomu Niliyoiacha Kwenye Droo

Mama yangu, aliyeko Tanga, alizoea kuwaambia jirani zake kwamba mwanawe Marekani ana kazi ya kutazama maji. Nilikuwa nakasirika. Nimesoma miaka chungu nzima, halafu naambiwa natazama maji! Siku hizi naona hakukosea sana. Kwenye kituo cha umeme wa nyuklia ninakofanya kazi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu Missouri City, kuna bwawa ndani ya jengo, lenye kina cha nyumba ya ghorofa kadhaa, na maji safi yenye ubuluu. Humo ndimo yanamohifadhiwa mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Yametumika, lakini hayajatulia. Yakikaa karibu karibu bila kizuizi yanaweza kuanza tena kazi yake. Kwa hiyo yamesimamishwa kwenye vizimba vya chuma, na katikati ya vizimba kuna mabamba yenye boroni, kitu kinachomeza nyutroni, zile chembe zinazoyachochea.

Sasa, mabamba hayo huwezi kuyachomoa uyaangalie, maana yamezungukwa na mafuta yenyewe. Waliojenga bwawa walilijua hilo. Wakachukua vipande vidogo vya bamba lile lile, ukubwa wa kiganja, wakavitundika kwenye fito ndani ya maji yale yale. Kila baada ya miaka kadhaa tunatoa kipande kimoja, tunakikausha, tunakipima uzito na unene, tunatafuta malengelenge, kisha tunakipeleka maabara wakaone kama bado kinameza nyutroni kama siku ya kwanza. Kipande kikiwa kizima, tunaamini na mabamba ni mazima. Ndiyo kazi yangu yote. Haina mbwembwe, na mtu wa pupa haiwezi.

Mwaka ninaousimulia, zamu ya kutoa kipande ilikuwa inakuja, na safari hii msimamizi alikuwa mimi. Mara ya mwisho nilikuwa mgeni, nikasimama pembeni nikiandika namba walizonisomea wanaume. Sasa utaratibu wote nilikuwa nimeuandika mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Wiki tano kabla ya siku hiyo, baada ya miaka saba ya ndoa na dua za watu wengi, nikagundua kuwa nina mimba.

Mume wangu alipiga magoti kwenye zulia la chumbani akasujudu pale pale, hata kibla hakuulizia. Kisha akacheka, akainuka, akageuka upande unaostahili akasujudu tena. Nikampigia mama simu. Mama hakupiga kigelegele. Alishusha sauti kama mtu aliyezungukwa na wezi.

"Umemwambia nani?"

"Wewe na mume wangu tu."

"Basi ikomee hapo. Mimba changa haitangazwi, mwanangu. Ngoja itimize miezi minne, ipuliziwe roho, hapo watajionea wenyewe. Watu wana vijicho. Usimwambie hata huyo Mkongo wako."

Mkongo wangu ni jirani, mama wa watoto wanne aliyetoka Bukavu, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Tunabadilishana vyungu na majungu. Nikaapa sitamwambia.

Lakini kazini kuna fomu. Kila mwaka tunapofundishwa juu ya mionzi, mwalimu huigusia kwa haraka, akiwa haangalii wanawake usoni. Mwanamke mwenye mimba ana haki ya kuitangaza kwa maandishi. Akiitangaza, kiwango cha mionzi anachoruhusiwa kupata kinashushwa sana, na kwa desturi ya pale kwetu anaondolewa kabisa kwenye kazi za bwawani. Asipoitangaza, hakuna anayeruhusiwa kumuuliza, hata tumbo likimtangulia mlangoni. Ni hiari yake. Nilichukua nakala ya fomu, nikaiweka kwenye droo ya meza yangu ofisini, chini ya kikokotoo, na ikalala humo; mume wangu nilimwambia ipo, akadhani nimeijaza.

Nimesema mara nyingi kwamba nilimtii mama. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikitaka kile kipande. Nilijua viwango, nilijua kina cha maji na kazi yake ya kukinga. Nilijua kwamba nikikaa saa mbili ukingoni mwa lile bwawa nitapata mionzi michache kuliko ya safari moja ya ndege kwenda Dar es Salaam. Nilijua hayo yote na bado ninayajua. Mama alinipa tu sababu ya heshima kwa jambo nililokwisha kuliamua.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilivaa ovaroli, glavu mbili mbili zilizobandikwa utepe viwikoni, na vipimo viwili kifuani: kimoja cha umeme kinachosoma papo hapo, na kingine kidogo cha kubana, ambacho hupelekwa kusomwa maabara ya nje baada ya miezi. Tuliinua fito polepole huku mafundi wakimwagia maji safi kila sehemu inayotokeza. Kipande changu kilitoka kikiwa cha kijivu, kimefifia, bila lengelenge hata moja. Fundi mzee aliyekuwa karibu nami alisema, "Ni kizuri." Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea haya mpaka leo. Nilipotoka, kipimo cha umeme kilisoma sifuri.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, nikiwa nakatakata bamia, nikaanza kutokwa na damu.

Kule hospitali nesi aliuliza maswali akiandika kwenye kompyuta. Unavuta sigara? Hapana. Unakunywa pombe? Hapana. Kazini kwako kuna kemikali au mionzi? Ndiyo. Mwajiri wako ana habari kuwa una mimba? Nikasema hapana. Mume wangu alikuwa amenishika mkono. Hakuuachia. Aliulegeza tu, nikabaki nimekishika mimi kiganja chake.

Daktari alikuja akasema pole, akasema mara nyingi sababu haijulikani, na kwamba hakuna nilichofanya. Alisema kwa upole sana. Mume wangu hakusikia hata neno moja.

Tulipoegesha gari nyumbani ndipo akauliza.

"Ile form hukui-submit?"

"Si lazima. Ni hiari."

"Sijauliza kama ni lazima. Hukujaza?"

"Sikujaza. Kipimo kilisoma sifuri. Niliona mwenyewe."

"Kipimo chao, namba yao," akasema. "Ungewaambia, wangekuondoa bwawani. Mficha uchi hazai."

Methali hiyo tumeisema wote tangu tukiwa watoto, kumhimiza mtu aeleze shida yake asaidiwe. Hajawahi mtu kunirushia usoni nikiwa nimevaa pampasi ya hospitali. Nilishuka kwenye gari nikaenda kuzitupa zile bamia.

Hakupandisha sauti tena baada ya siku hiyo. Laiti angepandisha! Alinipikia uji, alininunulia dawa, alinisalimia asubuhi kama mpangaji mwema. Lakini wiki ya pili nikakuta kwenye chumba cha kufulia kuna kapu jipya la plastiki. Alikuwa ameanza kufua nguo zake peke yake. Zangu za kazini, ambazo wala hazifiki bwawani kwa sababu tunavaa za pale, hakutaka zizunguke kwenye maji mamoja na zake. Nilisimama pale na digrii zangu mbili nikilitazama. Nilimchukia kwa kapu lile kuliko kwa ile methali.

Jambo moja sikulitarajia. Kwa kuwa sikutangaza mimba, hapakuwa na mtu wa kunipa pole. Jumatano nilirudi kazini wakaniuliza kama homa imepungua. Kwenye hitima ya mzee mmoja kule mtaa wa Alief, akina mama walinishika tumbo kwa utani wakasema, "Na wewe lini?" Nikacheka nao. Nilikuwa na msiba usio na tanga, na tanga sikuweza kuliweka mwenyewe. Mama kwenye simu alisema tu, "Ndiyo maana nilikwambia usiseme. Sasa hakuna wa kukucheka." Alidhani ananifariji.

Aliyejua bila kuambiwa ni yule jirani. Alikuja kurudisha chungu, akanitazama mlangoni, asiingie wala asiondoke.

"Yaya," akaniita, yaani dada kwao, "ulikuwaka na mimba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Juu ya nini haukuniambia? Mama yangu! Sasa njo unalia peke yako mu nyumba kama hauna batu?"

Akaketi kwenye sofa langu akalia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa, hadi bintiye aliyekuwa nje akaingia akauliza, "Mom, what happened?" Akamjibu, "Mtoto wa shangazi yako amekufa." Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliita kitu hicho mtoto. Nililia mpaka nikachoka, na yeye akaosha vyombo vyangu vyote akaenda zake.

Kazi iliendelea. Kipande kilikauka, nikakipima mara tatu kwenye mizani isiyovumilia hata pumzi. Uzito ulikuwa ule ule, unene ule ule. Maabara nayo ikasema boroni haijapungua. Niliandika ripoti kurasa kumi na nne, wakubwa wakanipongeza. Nyumbani sikumwambia mtu.

Tulichokuwa tunasubiri sisi wawili, bila kukitaja, kilikuwa majibu ya kile kipimo cha pili. Mume wangu alikuwa ameuliza mara moja tu: "Ile ya maabara ya nje inatoka lini?" Nikamwambia miezi mitatu au minne. Tangu hapo kila nilipofungua sanduku la barua nilimwona dirishani. Nilijua karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama nina mume. Ikiwa na namba, yoyote ile, hata ndogo ya kuchekesha, hatanisamehe. Ikiwa haina, nilijiambia, mambo yatarudi kama zamani. Niliisubiri kama mshtakiwa anayejua hana kosa.

Ilikuja siku ya Alhamisi, mchana, bahasha nyembamba. Sikuifungua. Niliiweka mezani mbele yake, nikakaa.

Aliifungua kwa kisu cha siagi. Akasoma, akarudia, akanigeuzia karatasi.

"Hapa pameandikwaje?"

"Chini ya kiwango kinachoweza kupimika."

"Yaani kidogo?"

"Yaani hawakuona kitu. Ni sawa na mtu aliyekaa nyumbani kwake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ushindi. Nilikuwa hata na maneno tayari, makali, ya kapu na ya methali. Lakini alikuwa anaitazama karatasi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona, mdomo wazi kidogo.

"Sasa ilikuwa nini?" akauliza.

"Haijulikani."

"Lazima kuna kitu."

"Daktari alituambia. Hukusikia."

Akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ya hospitali, na alikuwa akisema maneno ndani ya mikono yake, ikabidi nisogee nimsikie.

"Nisamehe. Nilikuwa naomba iwe wewe. Kila siku naomba. Maana kama si wewe, mwanangu alikufa bure."

Nikaivuta ile karatasi nikaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma za kazini. Nilikuwa natafuta namba. Nilitafuta hata upande wa nyuma. Ndipo nikajua kwamba miezi yote ile sikuwa nikisubiri kuachiliwa.

"Mimi pia," nikamwambia. "Nami nilikuwa naomba iwe mimi."