Sufuria Juu ya Katsimba

Kwa miaka kadhaa ya vita, Jokébed alikuwa sauti. Kila asubuhi aliketi katika chumba cha nyuma cha depo ya kahawa ya Stanislas, katikati ya Butembo, akaishika mikro ya fonie, redio ya kuongelea mbali, na kukiita kiwanda kilichokuwa kusini, upande wa njia ya Alimbongo. "Kiwanda, kiwanda, hapa Butembo, munanipata?" Kiwanda kilijibu kwa mikwaruzo. Wakaongea habari za magunia, mafuta ya mazuti, mvua, na lori litakaloondoka.

Lakini fonie ni nyumba isiyo na mlango. Kila aliyekuwa na redio kama ile aliingia na kusikiliza: mapadri wa parokia, wauguzi wa vituo vya afya, wafanyabiashara waliotaka kujua mwenzao anapeleka nini. Na walisikiliza pia watu wenye bunduki, ambao hawakujibu kamwe.

Mwaka wa 2002 lori moja la Stanislas lilisubiriwa kwenye kona. Waliolisubiri walijua saa na mzigo, hata jina la dereva walilijua. Dereva huyo, Sadrack, alizikwa kwao, kwenye kilima cha Katsimba, kati ya mji na kiwanda.

Baada ya maziko Stanislas aliwaita wafanyakazi wake. Alikuwa mtu mzito, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, na siku hiyo aliongea akiangalia viatu vyake. Angeing'oa mashine ya kukaushia kahawa, aipitishe mpaka wa Kasindi, aende kuifunga upande wa Uganda. Kila aliyekuwa pale alielewa. Kiwanda bila mashine ile ni kibanda cha mabati, na kahawa ya mkulima wa milima hii, ambako ukungu haujamaliza kuondoka mvua huwa imeingia, ingeoza kwenye majamvi. Delphin, mume wa Jokébed, ndiye aliyekuwa akiitunza mashine hiyo, na ikiondoka naye angeifuata. Alilijua joto lake kama mtu anavyojua paji la uso la mwanawe mgonjwa.

Jokébed alizaliwa Eringeti, akasomea umeme katika shule ya ufundi ya Beni, msichana pekee katika darasa la wavulana waliokuwa wakimficha bisibisi. Hakuwa mtu wa kusema mengi nje ya fonie. Siku ile alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Patron, fonie njo inatuuza."

"Najua. Sasa unataka nipige ngoma?"

"Hapana. Kuna baredio ingine. Inapeleka maandishi, haipeleki sauti. Unaweka antena moja huku, ingine kule, zinaangaliana. Mwenye fonie hasikii kitu. Bwana Zorobabel aliziona Dubai, kwenye bandari, kwa bale ba-grue benye kupakua meli. Zinakaa inje mwaka muzima."

"Zinakula mazuti?"

"Zinakula jua, na bateri ya gari."

"Na mvua?"

"Mvua haiziwezi."

"Mvua ya wapi? Ya Dubai?" Stanislas alicheka kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha akakunja uso. "Bon. Kompyuta ziko tayari, depo na kiwanda, tujaribu. Lakini sikia, mama. Nitangoja mvua ya kwanza ya nguvu. Ikinyesha na redio yako inasema, nabaki. Ikinyamaza, mashini inapanda lori."

Zorobabel, mfanyabiashara wa vipuri aliyekwenda Dubai kama wengine wanavyokwenda sokoni, alizileta. Zilikuwa redio za viwandani, zimefungwa katika maganda mazito ya kuzuia maji na vumbi. Mbili zilifika salama. Ya tatu, ambayo ingekaa juu ya Katsimba ili kuunganisha mji na kiwanda, ilifika bila ganda. Kwenye bariera moja ya barabarani askari walilipasua kwa shoka wakitafuta dhahabu. Walipokuta waya tu, walikasirika, wakabaki nalo.

Redio yenyewe ilikuwa nzima, lakini uchi. Jokébed akafanya kama ambavyo fundi yeyote wa Butembo angefanya wakati ule. Alikwenda kwenye karakana ya jirani akanunua sanduku la chuma la risasi, lile la kijani lenye mpira kwenye kifuniko. Hakuna kilichozuia maji vizuri kuliko masanduku hayo, na vita ilikuwa imeyamwaga kila mahali. Makanika waliweka humo spana zao, wauza chumvi waliweka humo chumvi, nimewahi kumwona mama mmoja ameketi juu ya sanduku hilo akinyonyesha. Sisi wa mjini tulikuwa tumeacha kuliona. Ndiyo mazoea yalivyo: hayaondoi kitu cha kutisha, yanaondoa macho.

Kileleni mwa Katsimba palikuwa na shamba la Kanyere, mama yake Sadrack, lenye mikaratusi iliyonyooka kuliko yote. Jokébed alikuwa amekwenda kuomba mahali, kwa adabu, na kuku mkononi kama desturi ya kuingia kwenye ardhi ya mtu. Kanyere alimpokea kuku. Maneno yakawa yamekwisha: mahali pamepatikana.

Basi siku ya kazi wakapanda, Jokébed na Delphin, wakisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kanyagio. Juu yake walifunga bateri, kioo cha kukamata jua, antena mbili za wavu, na juu ya vyote sanduku la kijani.

Kilima kilinyamaza kabla hawajafika. Moshi ulitoka majikoni lakini hapakuwa na mtu jikoni. Mlango mmoja ulifungwa, kisha mwingine. Uani kwa Kanyere kinu kilikuwa kimeachwa na mchi ndani yake. Mama mzee alisimama peke yake mlangoni, mikono nyuma.

"Mwasibire, mukaka," Jokébed akamsalimu kwa Kinande, akimwita bibi.

Kanyere akaelekeza kidevu kwenye sanduku la kijani. "Ile nini?"

"Ni nyumba ya redio, mukaka."

"Ile ni nyumba ya masasi. Basoda baliacha moja vile pale ku masomo. Batoto bakaichezea." Akatazama upande wa shule, pale sanduku la askari lilipowalipukia watoto.

"Iko mutupu. Angalia, nafungua."

"Leo iko mutupu. Kesho mwenyewe atakuja kuitafuta, na atalala hapa, na atakula mbuzi zetu. Kilima chenye kuwa na kintu ya basoda kinakuwa kambi." Mikono yake ikatoka nyuma. Alikuwa na kuku yule yule, amefungwa miguu. "Kamata kuku yako."

Kurudishiwa kuku ni jambo zito kuliko kutukanwa. Waliteremka na mzigo wao. Walipofika bondeni Delphin alisimamisha chukudu.

"Donc, umeolewa na mutu wa kwenda Uganda."

"Nyamaza, Delphin."

"Nimenyamaza. Huyu kuku njo anaongea."

Jokébed alitaka kucheka, akalia. Alikuwa ameona kosa lake lote kwa mara moja, wazi kama kilima baada ya ukungu. Alikuwa amepeleka kwa mama aliyefiwa kitu chenye sura ya kilichomuua mwanawe, naye hakuona kitu ila mpira mzuri wa kuzuia maji.

Asubuhi alipanda peke yake. Sanduku aliliacha. Redio aliibeba mgongoni katika kitenge, kama mtoto, kwa sababu hakutaka iguse umande. Akawakuta wanawake wa kilima uani kwa Kanyere wakipukuchua maharagwe. Hakusubiri kukaribishwa, aliketi chini, akavuta ungo karibu, akapukuchua pamoja nao mpaka mmoja akashindwa kuvumilia.

"Huyo mutoto wako halii?" Alikuwa Rébecca, aliyewaongoza akina mama wa kanisa la kilimani na kutunza vyombo vyao.

Jokébed alifungua kitenge. Wakasogea. Akawaonyesha mahali pa kuingilia umeme, na mahali maneno yanapoingia na kutokea. Akawaambia juu ya fonie isiyo na mlango, juu ya watu wasiojibu, juu ya kona ile. Alisema polepole, kwa sauti ile ile. Kilima kizima kiliijua sauti hiyo; walikuwa wakiisikia kila asubuhi kwenye fonie ya kituo cha afya. Kanyere pia aliijua. Hakuuliza nani alisema saa ya lori. Aliendelea kupukuchua, na vidole vyake havikusimama.

"Sanduku lilikuwa kosa," Jokébed akasema. "Sikufikiri. Lakini redio hii inaogopa maji. Nisipopata kintu ya kuifunika, tumeshindwa."

"Kintu ya namna gani?"

"Ya chuma, yenye kufunga vizuri."

Wanawake wakaanza kutaja vitu, wakibishana na kuchekana, bidoni ya mafuta, ndoo, kengele ya kanisa. Kanyere akainuka, akaingia ndani ya chumba cha vyombo vya akina mama, pale pale uani, akatoka na sufuria. Ilikuwa ya alumini nene, ya kuyeyushwa na mafundi wa Butembo, yenye kifuniko kizito. Ndiyo waliyopikia matangani.

"Mukaka, hapana!" Rébecca akasimama. "Ile ni ya bote. Na matanga tutapikia nini?"

"Basi tupunguze matanga," Kanyere akasema.

Kisha mwanamke mmoja akacheka, kicheko kilichokuwa karibu na kitu kingine, na wengine wakamfuata, na Rébecca mwenyewe akakaa chini akifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Jokébed akamtumia Delphin neno apande tena na mizigo na yule kuku.

Sufuria waliipindua, mdomo chini, ili mvua iteleze mgongoni. Redio ikafungwa ndani, na vipande vya mpira wa gurudumu la pikipiki vikawekwa tayari kukibana kifuniko kwa chini. Waya zilitoka kupitia tundu la kifunikoni, nazo Jokébed alizilegeza zishuke kwanza kabla ya kupanda kwenye antena, kwa sababu tone la maji ni mvivu, halikubali kupanda. Mkaratusi ulikatwa, ukapachikwa sufuria na antena, ukasimamishwa, ukafungwa kwa kamba tatu zilizoshikwa na vigingi. Kule bondeni Paulin, msimamizi wa kiwanda, alitandika shuka jeupe juu ya mabati, na Jokébed akapanda mlingoti akaielekeza antena kwenye weupe ule, kidogo kushoto, kidogo tena, mpaka taa ndogo ya redio ikatulia. Kisha akakibana kifuniko.

Wiki hiyo doria ya askari ilipita. Mmoja akainua kichwa, akauliza kwa Lingala, "Nani azolamba kuna likolo?" Ni nani anayepika huko juu?

"Ni siye, mwanangu," Kanyere akamjibu kwa Kiswahili. "Bado haijaiva. Hupati kitu leo."

Askari wakacheka, wakaenda zao. Sufuria haikuwa kitu cha kuvutia jeshi.

Redio ilifanya kazi siku za jua. Eliane, katibu wa depo, aliandika akiwa Butembo na maneno yakatokea kiwandani bila mkwaruzo. Lakini Stanislas alikuwa bado anangoja mvua. Mashine ilikuwa imekwisha kufunguliwa boliti na kupakiwa. Lori lilisimama kiwandani, limefunikwa turubai, kama jeneza linalomngoja mgonjwa.

Mvua ilikuja mchana, kutoka upande wa Lubero, nyeusi. Stanislas alikuwa amefika kiwandani kwa makusudi. Aliketi mbele ya kompyuta, Paulin kulia, Jokébed nyuma. Mabati yalianza kupiga kelele mpaka wakaongea kwa ishara. Swali likapelekwa mjini. Jibu la Eliane likaja: "Huku pia inanyesha. Niko." Likaja lingine. Kisha upepo ukapiga, na skrini ikabaki na maneno yale yale.

Stanislas alingoja. Akapeleka tena. Hakuna. Akasimama, akatazama lori kupitia dirisha. Nje, wafanyakazi walikuwa wamejibanza chini ya paa, Delphin kati yao, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mama Jokébed," akasema karibu na sikio lake, kwa upole, "umejaribu."

"Si maji, patron. Sufuria haijaingia maji. Maji yakiingia taa zote zinakufa. Angalia taa ya hii redio yetu, inataka kurudi, inashindwa. Ni muti unayumba. Nakuomba ungoje upepo."

"Upepo wa wapi tena?"

Lakini Stanislas alikaa. Labda kwa kuchoka. Mvua ilikuwa bado inapiga kwa nguvu ile ile, na upepo haujapungua hata kidogo, maneno ya Eliane yalipoanguka kwenye skrini, matatu kwa mpigo, yaliyokuwa yamekwama njiani: "Patron, uko? Patron? Jibuni basi, naogopa."

Paulin alicheka kwa sauti kubwa. Stanislas akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: "Niko." Jibu likarudi. Akaandika tena, na tena, akaendelea hivyo mpaka mabati yakanyamaza na sauti ya maji yaliyokuwa yakidondoka ikasikika. Kisha akatoka mlangoni, akasimama kwenye matope kwa viatu vyake vya kanisani.

"Mushushe mashini," akasema.

Delphin ndiye aliyefika kwanza kwenye turubai.

Jokébed alipanda Katsimba asubuhi iliyofuata. Hakuelewa jinsi mti ulivyotulia upepo ukiwa bado unavuma. Alikuta chini ya mkaratusi udongo umekanyagwa vibaya, nyayo juu ya nyayo, na kigingi kimoja kimelala kwenye matope, kimeng'oka. Rébecca na Kanyere walikuwa uani, viganja vyao vimepakwa mafuta ya mawese na kufungwa vitambaa.

"Ile kamba yako inakata mikono," Rébecca akalalamika. "Tulikuwa saba, na bado ilituburuta. Ungetuambia kama redio inataka kushikwa kama mbuzi!"

"Wasingya," Jokébed akawashukuru kwa Kinande.

Kanyere alimtazama. "Lori ilienda?"

"Haikuenda, mukaka. Balishusha mashini, bakaifunga usiku muzima. Leo asubuhi imewaka."

Mama mzee aligeuka akatazama upande wa bondeni, ambako bomba la kiwanda lilikuwa limeanza kutoa moshi mwembamba.

"Bon," akasema. "Kamata jembe. Kile kigingi ulikifukia kama mutu wa muji. Nikuonyeshe pa kupata jiwe la kukikaza."