Daktari aliona msuli umechanika, karatasi yangu ikasema mzima

Admin, naomba jina langu na la kituo yasionekane. Mimi ni binti wa miaka 24, karani wa kituo cha vipimo hapa Musoma. Kazini nasifiwa kwa umakini, ndiyo maana nashindwa hata kumwambia mtu.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wa michezo alimleta mwanafunzi wake kutoka Nyamuswa, binti anayerusha mkuki. Alikuwa ameshika ubavu wa kushoto, hata kukohoa anaogopa. Mwalimu akatutania pale mapokezi, "Anarusha kwa kulia, anaumwa kushoto. Siku hizi uvivu nao unahamaga?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Ndani, daktari alipitisha kifaa cha altrasaundi tumboni, akamwambia ainue kichwa akaze tumbo. Binti akalia. Kwetu daktari haelezi mgonjwa. Ananitajia kwa Kiingereza, mimi nachapa, majibu yanatolewa dirishani. Alinitajia kwamba msuli wa tumbo umechanika, apumzike wiki sita.

Foleni ilikuwa ndefu. Kama kawaida yangu, nilifungua ripoti ya mgonjwa aliyetangulia nikachapa juu yake. Nilibadilisha jina, umri na maelezo yote. Hitimisho nikalisahau. Likabaki la yule mwingine: hakuna jeraha. Daktari akasaini bila kusoma, maana ananiamini. Na mwalimu, kama wengi, alisoma mstari wa mwisho tu. Akamwambia binti, "Umeona? Kesho uwanjani."

Jumatatu mama yake alikuja na ile karatasi imekunjwa kwenye kanga. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, mimi sijui Kizungu. Nisomee. Baba yake amemchapa, anasema anatudanganya. Usiku analala amekaa. Hivi kweli mtoto wangu hana kitu?"

Niliisoma yote kimya. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nikamjibu, "Mama, imeandikwa hana jeraha."

Akashusha pumzi, akasema, "Basi ngoja nikamwombe baba yake msamaha, nilimtetea bure." Akanishukuru akaondoka.

Jumamosi hii binti anapelekwa Butiama kwenye mashindano. Picha zake bado zipo kwenye mashine, na namba ya mama yake ipo kwenye daftari la mapokezi. Nikisema, nafukuzwa, na daktari aliyenipa kazi hii ataulizwa kwa nini alisaini. Nikinyamaza, atarusha na msuli uliochanika, na akianguka wataendelea kumwita mwongo.

Ndugu zangu, najua nimekosa, nitukaneni baadaye. Leo ni Alhamisi. Nimpigie mama kwanza au nimwendee daktari? Na yule mama nitamwambiaje kwamba siku ile nilijua? Nishaurini, muda unaniishia.