Ngumi za Barafu, Mabatini

Mimi ndiye yule mwanamke waliyekuwa wakimwita Mama Ngumi pale Mabatini, na kabla hujacheka, nisikilize kwanza. Jina langu ni Getruda. Sijawahi kuwa mgomvi, ukiacha mara mbili tatu ambapo mwiko ulinitoka mkononi, na hao uliowapata walijitakia wenyewe. Ngumi zilizonipa jina zilikuwa za kwenye kioo cha mashine, mwaka wa tisini na nne, wakati wa ruksa, watu walipokuwa wanaleta nchini chochote ambacho meli ingekubali kubeba.

Nilizaliwa Sengerema, nikaolewa na Josephat, nikapanda kivuko kumfuata Mwanza kwa sababu alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha nguo. Wakati ule kusema mume wangu yuko kiwandani ilikuwa kusema kitu. Kisha mitumba ikajaa sokoni, vitenge vya nje vikajaa, mashine za kiwanda zikaanza kusimama moja moja, na Josephat akawa miongoni mwa wale walioambiwa wakapumzike nyumbani. Alipumzika kweli, tena kwa bidii. Mimi nikanunua karai nikaanza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani wakishakata minofu ya kupeleka Ulaya. Nilikaa nje ya duka la Jayant, kwa sababu lilikuwa na baraza pana na mwenyewe hakuwa mtu wa kufukuza watu.

Jayant ni Mhindi wa Mwanza, mtoto wa muuza mablanketi, amezaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kinanishinda hata mimi niliyechanganya na Kizinza. Alipoona mablanketi hayaendi tena, akang'oa rafu zote, akaleta mashine mbili za michezo zilizokwisha kuchoka huko zilikotoka. Zilikuwa kubwa kama kabati la nguo, kioo juu, chini vishikio na vitufe, rangi imebanduka. Zote mbili zilikuwa na mchezo mmoja, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Sasa nani Mabatini alikuwa amesikia habari za watu kucheza mpira juu ya barafu? Barafu sisi tuliijua ile ya malori ya viwanda vya samaki, ya kulazia sangara. Mama yangu alipokuja kunitembelea alitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole wale wazungu wanagombania samaki gani.

Ulikuwa mchezo wa kikatili, sitaki kukudanganya. Watu wanateleza na magongo, wanatandikana hadi meno yanaruka na damu inachora kwenye weupe, na hakuna refa. Wiki za mwanzo hakuna aliyejali kile kitu cheusi walichokuwa wanakikimbiza, tulichokiita kisoda. Vijana waliona mchezo ni ugomvi tu, na bingwa ni yule aliyelaza wengi. Walikuwa wanapigana kwenye kioo, wanashindwa, halafu wanamalizia sakafuni kwa ngumi zao za kweli. Siku moja nusura waniangushie karai la mafuta ya moto. Niliingia mle na mwiko, na nilipotoka palikuwa kimya kama kanisani. Siku hiyo hiyo Jayant alinipa kazi ya kusimamia ukumbi.

Asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, na mtu akishafagia atafanya nini? Nikaanza kucheza. Mimi ndiye niliyegundua kwamba ugomvi ni wa kufungua njia tu. Unamlaza mlinzi wao mmoja, unapita palipobaki wazi, unasukuma kisoda golini. Lakini mchezo ule ulitaka watu wawili upande mmoja, na mimi sikuwa na mwenzangu. Nikaenda nyumbani nikamwinua Josephat kitandani, nikamwambia twende, kuna kazi ya kucheza.

Jamani, siku zile nilikuwa nampenda yule mwanamume. Tulikuwa tunasimama bega kwa bega mbele ya mashine, mimi nashambulia, yeye ananilinda mgongo. Akija mtu nyuma yangu na gongo, Josephat yuko tayari amemchota miguu. Hatukuhitaji kuambiana kitu. Wakija wababe kutoka Buhongwa, wakija makondakta wa mabasi ya Shinyanga, tunawalaza wote, na ukumbi unajaa hadi barazani. Mtu aliyelala chali mwaka mzima akaanza kunyoa ndevu, akaanza kucheka, akaanza kuniuliza nimeamkaje. Nilidhani nimempata mume wangu upya, tena bora kuliko yule wa kiwandani.

Ambacho sikukiona ni utani wa kijiweni. Palikuwa na bwana mmoja, Revocatus, tuliyemwita Revo, mdomo wake hauna breki. Aliwahi kuimba kwenye kikundi cha ngoma, na alitembea na filimbi shingoni kama mtu anayesubiri gwaride. Yeye naye alikuwa mchezaji, si mbaya, ila kelele zake zilizidi mchezo wake. Huyu ndiye aliyeanza kumwita Josephat "Bwana Getruda". Wenzake wakadakia. Josephat alikuwa anacheka nao, na mimi nikaona mume wangu ana moyo mkubwa. Moyo mkubwa, ati.

Mwaka ulipokuwa unaelekea kuisha, Jayant akasema anataka kufungua duka la vyuma na hatakuwa na muda wa ukumbi. Funguo zitakwenda kwa mtu mmoja, atauendesha kama wake na kumpelekea yeye fungu lake tu. Nakwambia sikulala kwa furaha. Nilishaona mabenchi, nilishaona jiko langu pembeni, nilishaona rangi ya ukuta. Mimi niliyeolewa bila hata kitanda, niwe na mlango wangu mjini. Lakini wanaume wakaanza kunung'unika kwamba ukumbi wa ngumi hauwezi kuwa chini ya mwanamke, na Revo akaenda kuzitaka funguo yeye mwenyewe. Jayant aliogopa kupoteza wateja. Ndipo akaja na lile wazo lake.

Kwetu Usukumani ngoma za mashindano zina utaratibu wake. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi si lazima awe fundi zaidi. Mshindi ni yule ambaye watu wamejaa kwake. Watazamaji wanazunguka wanavyotaka, na ukiona wanakukimbia, ujue umekwisha, hata ukiruka hadi mawinguni. Jayant alikulia kwenye viwanja hivyo. Akasema basi tufanye hivyo hivyo, maana ukumbi ni watu. Jumapili baada ya misa, mimi na mwenzangu mashine ya dirishani, Revo na mwenzake mashine ya mlangoni, kila wawili wakipambana na mashine yenyewe. Ataweka kaseti kwenye redio, na upande mmoja wa kaseti ukiisha, mwenye watu wengi nyuma yake anachukua funguo.

Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Watu walikuwa wananifuata mimi kila siku, kwa nini wasinifuate Jumapili? Nilimwambia Josephat tukishinda tutaandika majina yetu mawili mlangoni. Akasema sawa. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua uso.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Kaseti ikaanza, na wengi wakaja kwangu moja kwa moja, nikasikia joto lao mgongoni. Revo akapuliza filimbi yake, akaimba, akakata kiuno mbele ya mashine, mwenzake akabaki anacheza peke yake. Wachache wakasogea kucheka, wakarudi. Mimi nilikuwa nacheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikifunga goli ukumbi unanguruma. Josephat alikuwa kulia kwangu, ananilinda kama kawaida, na nikajua tumemaliza, funguo ni zetu.

Katikati ya kaseti nikapigwa gongo la mgongo. Nikadhani Josephat kapitiwa. Nikasimama, nikapigwa tena. Nikatupa jicho kwenye mtu wake pale kiooni, nikamwona amesimama tu juu ya barafu na gongo lake, hasogei, na wale wa upande wa pili wanamtandika kama mtu anavyotandika gunia. Nikageuza uso kumwambia amka. Kishikio chake kilikuwa kitupu.

Alikuwa anakatiza katikati ya ukumbi, taratibu, mikono mfukoni. Watu wakampisha. Akafika mashine ya mlangoni, akasimama nyuma ya Revo, akakunja mikono kifuani, akatazama. Revo hakupuliza hata filimbi. Alimwekea mkono begani, mara moja, na hapo nikaelewa kwamba walikuwa wamekwisha kuzungumza.

Watu ni watu. Kama mume wake mwenyewe ameona kwa Revo ndiko kwenye mambo, wao wabaki kwangu wanatafuta nini? Alianza mmoja, wakafuata watano, kisha sikuwa na haja ya kugeuka tena, maana joto la mgongoni lilikuwa linaondoka lenyewe. Nikashika vishikio vyote viwili, mkono wa kushoto wangu, wa kulia wa mume wangu. Nilikuwa nafanya nini, hata sijui. Nilikuwa namkimbilia yule mtu wake asiendelee kupigwa. Nafunga njia, narudi kumwinua, napigwa mimi. Nililia, na nikaendelea kucheza huku nalia, na pamoja na yote hayo nikashinda. Mashine ikapiga muziki wake wa ushindi na kurusha vikaratasi vya rangi kwenye kioo. Hapakuwa na mtu hata mmoja nyuma yangu wa kuviona.

Kaseti ilipokwama mwishoni, Jayant alikuja akasimama karibu nami. Alitazama kioo, akanitazama mimi, na nadhani alikuwa anatamani angekuwa na wazo jingine siku ile alipopata hili.

"Mama Mayala," akaniita kwa jina la mwanangu, sauti ya chini, "umecheza. Lakini watu wako wako wapi?"

Nilichukua karai langu barazani nikaenda nyumbani.

Josephat alirudi jua bado liko juu. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, nikampa, kwa sababu mikono ilishazoea. Akaniambia Revo amempa kazi ya kuuza sarafu za mashine, atakaa mlangoni, na kwamba nisiwe na wasiwasi, amenisemea vizuri. Nimeruhusiwa kuendelea kufagia. Alisema hivyo kama mtu aliyeniletea kitenge. Yaani nifagie ukumbi wangu kwa ruhusa niliyoombewa na yule yule aliyeuuza.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitaka kujua tu, sikupiga kelele, na yeye mwenyewe alishangaa kwamba sipigi kelele. Akasema nisingeelewa. Akasema mimi sijui mwanamume anajisikiaje akipita njiani anaitwa kwa jina la mkewe. Akasema funguo zikiwa zangu, yeye angekuwa Bwana Getruda hadi kaburini. Nikamwambia majina yangekuwa mawili mlangoni. Akasema kila mtu angejua lipi ni la kweli.

Nikamuuliza swali moja zaidi. Wakati anakatiza ule ukumbi na mikono mfukoni, aliwahi kugeuka kuniangalia?

Alikizungusha kikombe mkononi.

"Niliogopa kugeuka," akasema. "Ningekuona, ningerudi."

Sikwenda kufagia. Nilirudi kwenye karai langu, upande mwingine wa Mabatini, na ukumbi ule Revo aliuendesha kwa filimbi hadi mashine zikafa, maana alijua kuimba na hakujua kingine. Na mimi na Josephat hatukuachana. Watoto walikuwepo, padri alikuwepo, na ndugu zangu wa Sengerema walivuka kuja kuniambia ule ulikuwa mchezo tu, mwanamke mzima hawezi kununa miaka kwa sababu ya wazungu wa kwenye kioo. Bado tunakula sahani moja. Akiumwa namuuguza, na hajawahi kunyoosha mkono kunipiga, hilo lazima niliseme.

Lakini nikimpikia namwangalia, na roho inaniuma ile ile. Angeniambia alipitiwa na kelele za watu, kwamba siku ile hakukumbuka hata kama mimi nipo, ningekuwa nimeshamsamehe zamani. Yeye ananiambia alinikumbuka kila hatua, kutoka dirishani hadi mlangoni, na akaendelea kwenda.