Kocha wa Timu ya Mashine

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya mdogo wangu Ramadhani, na niliondoka nimekasirika. Mlioniona nikiburuta begi kuelekea stesheni mkaniuliza naenda wapi, nikawajibu, "Singida, kumfuata mjinga," sasa mtajua nilikuwa namsema nani.

Rama mnamkumbuka. Alichezea timu ya kiwanda enzi zile kiwanda kikiwa mali ya umma, mchezaji anaandikwa kazini kama fundi ilhali hajawahi kushika spana. Alikuwa winga, na watu waliacha chai mezani kwenda kumwangalia. Kisha likaja soko huria, kiwanda kikauzwa, mwenye mali mpya akauliza hawa mafundi wasioijua mashine ni akina nani, na timu ikafa. Goti la Rama lilikuwa limetangulia kufa. Akakaa nyumbani akisikiliza mpira redioni na kuwatukana makocha wote wa nchi hii, mpaka tajiri mmoja wa Singida, mwenye mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, alipomwita akawe kocha mkuu wa timu yake. Alituaga kama mtu aliyeteuliwa kuwa balozi.

Sasa shule moja ya sekondari hapa kwetu ilikuwa tayari kumpa kazi ya kufundisha michezo. Mkuu wa shule alitaka jibu kabla ya kufungua muhula. Rama akapelekewa habari, hakujibu. Mama akanitazama mimi, mkubwa wa nyumba. Nikafunga kibanda changu cha mitumba, nikaenda.

Jioni nilipanda treni ya kwenda bara. Mzee mmoja wa Itigi aliyekaa mbele yangu, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza safari ni ya msiba au ya heri. Nikamwambia namfuata ndugu yangu, kocha wa mpira Singida mjini.

"Kocha wa nani?"

"Wa tajiri mmoja mwenye mashine ya alizeti."

"Ahaa," akasema. "Siku hizi kila mwenye mashine ana timu. Zamani mtu akipata hela alikuwa ananunua ng'ombe. Ng'ombe angalau unamkamua."

Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Asubuhi tulishuka Manyoni, nikapata basi la kwenda Singida. Njia ile ni vumbi na mawe, na upepo unaoingia kila dirisha bila kuulizwa. Tulipita Ikungi, mashamba ya alizeti yakaanza kuonekana pande zote, kisha yale majabali makubwa ya Singida yaliyokaa juu ya mengine, na maji ya ziwa yaking'aa nyuma ya nyumba. Nchi nzuri, sitaki kusema uongo. Ila nilikuwa nimekwenda kugombana, si kutazama mawe.

Mchana huo nilimkuta kocha mkuu amelala stoo. Ndiyo, stoo. Chumba alichoahidiwa kilikuwa kimejaa magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti wanayolishia mifugo, na godoro lake lilikuwa katikati ya magunia. Aliamka akatabasamu, akasema, "Dada! Hapa ni kwa muda tu."

"Muda gani, Rama? Nywele zako zinanuka mafuta ya kupikia."

Tajiri mwenyewe, Bwana Msengi, alikuja kunisalimu akiwa amevaa koti la suti. Nayajua makoti. Lile lilitoka kwenye robota la daraja la pili, na mfuko wake wa ndani lazima ulikuwa umetoboka. Lakini alinikarimu, lazima niseme hivyo. Alinichinjia kuku wa kienyeji, na kuku wa Singida hana mpinzani.

"Karibu sana, dada'angu," aliniambia. "Mdogo wako ni mtaalamu. Mimi nampa uhuru wote."

Uhuru wenyewe niliuona jioni, mazoezini. Rama aliwapanga vijana vizuri, akawafokea vizuri, nikakiri moyoni kwamba kazi anaijua. Halafu akatoka mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akampokonya Rama wachezaji kama mtu anayetoa nguo kwenye kamba: huyu hachezi, yule acheze. Huyo alikuwa Mzee Mghenyi, mwenyekiti wa kamati ya ufundi. Msiojua mpira mnaweza kudhani kamati ya ufundi inashughulika na ufundi. La hasha. Ni watu wa ndumba, na hakuna timu nchi hii inayokiri kuwa nayo wala inayocheza bila kuwa nayo.

"Kipa wa akiba abaki nyumbani," alisema Mzee Mghenyi. "Nyota yake haipatani na upande wa Shelui tunakocheza kesho. Shabani akae golini mwanzo mpaka mwisho. Akitolewa tu, kila kitu kimeharibika."

Nikamtazama kocha mkuu. Kocha mkuu akasema, "Sawa, mzee."

Nilimsubiri tukiwa wawili, nikamwaga yote. Nilimwambia amekuwa bawabu mwenye filimbi. Nilimwambia shule inamsubiri. 

"Dada, mechi ya Shelui tukishinda, bosi anaiingiza timu ligi ya mkoa," alisema mwishoni. "Ameniahidi nikifika huko nitapanga timu mwenyewe. Nikirudi Morogoro leo, mimi ni nani? Mtu aliyewahi kucheza. Njoo Shelui uone, halafu useme."

Kesho yake asubuhi tulipanda lori la mashine, wachezaji juu ya magunia matupu, mimi mbele na dereva kwa heshima ya utu uzima. Tulipita Iguguno, tukateremka Mlima Sekenke, mahali ambapo dereva alishika usukani kwa mikono miwili na mimi nikasali sala zote ninazozijua. Chini kabisa kulikuwa na joto na tambarare, na mbele yetu Shelui, malori yameegeshwa kila upande, akina mama wakiuza chakula kando ya barabara. Timu ya wenyeji ilikuwa ya utingo na wachuuzi, vijana wenye mapaja kama magogo. Viongozi wao walikuwa wamesimama getini kutupokea. Geti lilikuwa wazi.

"Hakuna kupita getini," akasema Mzee Mghenyi. "Getini wameweka kitu."

Uwanja ule umezungushiwa uzio wa minyaa. Minyaa ni ile miti ya kijani isiyo na majani. Ukiivunja inatoa utomvu mweupe ambao hata mbuzi anaukimbia. Kila mtoto wa Singida ameonywa na mama yake juu ya utomvu huo na macho. Kila mmoja kwenye lori lile alionywa utotoni.

"Mzee, ile ni minyaa," Rama alisema.

"Ndiyo maana kule hawakuweka kitu," Mzee Mghenyi akajibu. "Nani angefikiri mtu atapita hapo?"

Nilidhani watu watacheka. Bwana Msengi alitikisa kichwa kwa kuvutiwa na akili ile. Nikamwangalia Rama, nikingoja aseme neno moja tu. Alitazama viatu vyake. Panga likatolewa chini ya kiti cha dereva, minyaa ikafyekwa, na Shabani akaamriwa atangulie kwa sababu ndiye mwenye goli. Alipita akisukuma matawi kwa mikono, wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mbele ya macho ya Shelui nzima iliyokuwa inashika mbavu kwa kicheko. Mimi nilipita getini. Waliniambia karibu mama, nikasema asante.

Mchezo ulipoanza Shabani alikuwa anafikicha jicho kwa glavu, na glavu zenyewe zilikuwa na utomvu. Kabla ya mapumziko jicho lilikuwa limevimba na kufunga, la pili linatiririka machozi. Shuti jepesi lilipita kando yake akiwa ametazama upande mwingine, na Shelui wakapata bao. Kijana alipiga magoti golini. Hakuwa analia kwa ajili ya bao.

Rama alisimama. "Namtoa."

"Humtoi," alisema Mzee Mghenyi.

"Kocha," alisema Bwana Msengi taratibu, "unakumbuka tulichoongea kuhusu ligi?"

Niliona uso wa mdogo wangu. Nilikuwa nimekwenda kule kumdharau na nilikuwa nimemdharau sawasawa, lakini wakati ule niliogopa kwa ajili yake. Niliogopa angekaa.

"Nakumbuka, bosi," akasema. Akaingia uwanjani akichechemea, akamshika Shabani mkono. Glavu akampa beki mmoja mrefu, akamwonya asiguse uso, na mpira asiudake ila aupige ngumi tu. Akamrudisha winga aliyekuwa amewekwa benchi na nyota za Mzee Mghenyi, akamwonyesha upande wa kushambulia. Halafu akaniambia, "Dada, wasimamie. Wakicheza pembeni usiwafokee," akaondoka na kipa wake kwenda zahanati.

Mimi sijui mpira. Nilichojua ni kukaa mahali pake na kumwangalia Mzee Mghenyi vibaya kila alipojaribu kunyanyuka. Beki yule alipiga ngumi kila kitu, hata mwenzake mmoja. Winga akapata mabao mawili kabla ya filimbi ya mwisho. Timu ya Mashine ikashinda ugenini, na vijana wakambeba Mzee Mghenyi mabegani, mwone dunia ilivyo.

Rama aliporudi, Bwana Msengi alimwambia mbele ya wote kwamba kazi imekwisha.

"Lakini tumeshinda, bosi."

"Tumeshinda mawili. Usingevunja masharti tungeshinda matano."

Lori liliondoka bila sisi. Tulibaki Shelui na Shabani, na mganga wa zahanati akatuambia kwamba jicho litapona kwa vile lilioshwa mapema. Angemaliza mechi nalo kwenye jua lile, asingeweza kuahidi kitu.

Siku jicho lilipofunguka vizuri tulirudi Singida mjini kuchukua mizigo ya Rama na kumfikisha Shabani kwao. Tukiwa stendi, tayari kwa basi la Manyoni, nani anakuja kama si Mzee Mghenyi. Rama alimwamkia, maana shikamoo ni shikamoo hata kwa mtu wa namna ile.

"Bosi amekusamehe," mzee alisema. "Ligi ya mkoa tumeingia. Utapanga timu mwenyewe, kamati itashauri tu. Unachotakiwa ni kuja kuomba radhi."

Nilishika begi langu kwa nguvu. Hilo ndilo alilolala kwenye mashudu kwa ajili yake, na sasa lilikuwa limeletwa mpaka stendi.

"Mechi ya kwanza golini nani?" Rama akauliza.

"Shabani. Imeshaagizwa."

"Na jicho?" Hakumwambia kwamba limepona.

"Atafungwa kitambaa. Analo lingine."

Rama alimpa mzee kisogo. Kisha akaniuliza kama muhula wa shule umefunguliwa. Nikamwambia bado. Akainama, akanyanyua begi lake na la kwangu pia, akapanda basi kwa ule mguu mzima kwanza, akakaa dirishani upande wa jua.

Njia nzima mpaka Manyoni sikumkejeli, na wanaonijua wataelewa maana yake. Nilikwenda kumrudisha mchezaji aliyechuja. Niliyerudi naye ni kocha, na Singida hakuna anayejua kwamba waliwahi kuwa naye, isipokuwa kijana mmoja mwenye macho mawili.